Mbio za Akhwari Hazikuishia Mexico

Naandika nikiwa Nyumba ya Mungu, kando ya bwawa ambalo mitambo yake ya umeme ya megawati 8 ilianza kazi mwaka 1968. Mwaka huohuo, tarehe 20 Oktoba, John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka katika marathoni ya Olimpiki huko Mexico City. Goti likateguka, bega likaumia. Alifungwa bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, giza limekwisha kutanda, akiwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Wengine 18 walikuwa wameachia njiani.

Kisa hiki nimekisikia kwenye mahafali na semina za watumishi mara nyingi mno, hata nimeanza kuyatilia shaka matumizi yake. Mtumishi ambaye hajapandishwa daraja huambiwa amkumbuke Akhwari. Mwanafunzi aliyecheleweshewa mkopo, vivyo hivyo.

Sijasikia hata mara moja mzungumzaji akifika mwaka 1970. Mwaka huo, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari alishika nafasi ya tano kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Ni muda mzuri kuliko wa Wolde alipochukua dhahabu (ingawa tuseme kweli, Mexico City iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake haimhurumii mtu). Huyo hakuwa tena mchechemeaji wa kuonewa huruma. Alikuwa mshindani.

Kwa nini sehemu hiyo hurukwa? Nadhani ni kwa sababu uvumilivu haumgharimu anayeuhubiri. Kupona kunadai daktari, lishe, kocha na muda, na vyote hivyo vina fungu lake katika bajeti, au havina.

Basi nawauliza wanaopanga bajeti hizo, wengine wao wakiwa wasomaji wangu: mwanafunzi wa sekondari hapa Mwanga akiteguka goti kwenye UMISSETA mwaka huu, nani atalipia picha ya goti hilo? Nani atamlipa mtaalamu wa tiba ya viungo kwa miezi yote ya kujifunza kukimbia upya? Naomba nionyeshwe kifungu.