Mtoto aliyezoezwa kunyamaza, chuoni atamuuliza nani?

Kila mwaka vyuo vikuu vinapokaribia kufunguliwa, stendi ya mabasi ya Singida mjini hujaa vijana waliokalia magodoro yaliyokunjwa. Pembeni kuna ndoo mpya na begi la nguo. Wamesindikizwa na mama, baba mdogo, shangazi, pengine na bibi aliyefika jana yake kutoka Iramba au Mkalama. Kabla mlango wa basi haujafungwa, maneno ya mwisho huwa yaleyale: “Kasome, mwanangu. Walimu uwaheshimu, usiwasumbue.”

Nusu ya kwanza ya usia huo ni njema. Nusu ya pili huwaponza wengi, na zaidi wale wanaokwenda kusomea kompyuta.

Kwa familia nyingi za Singida, safari hiyo huishia Dodoma, umbali wa takriban kilomita 240 kwa barabara inayopita Manyoni. Huko kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, chenye ndaki ya kompyuta ambayo wanafunzi wanaijua kwa jina la CIVE. Wengine huenda Dar es Salaam, Mbeya au Arusha. Popote wanapofika, somo la kuandika programu huwasubiri katika mwaka wa kwanza, na somo hilo halifanani na masomo waliyoyazoea sekondari.

Historia mtu anaweza kuikariri usiku wa kuamkia mtihani. Programu haikaririki. Katika lugha ya C, mwanafunzi akisahau nukta mkato moja tu, programu nzima inagoma. Kompyuta humwandikia ujumbe wa makosa, na wakati mwingine ujumbe huo unamwelekeza mstari unaofuata, siyo ule wenye kosa. Mtu mwenye uzoefu akiinama kwenye skrini ataliona kosa hilo kwa kupepesa macho. Mgeni anaweza kukesha nalo.

Tena masomo haya yanajengana kama tofali juu ya tofali. Asiyeelewa jambo la wiki ya pili hataelewa la wiki ya nne, na la wiki ya nane litakuwa giza tupu. Kwa hiyo kuchelewa kuuliza kwa wiki mbili si kuchelewa kudogo.

Kwa nini basi kijana hanyanyui mkono? Sababu ya kwanza ni malezi. Katika nyumba nyingi mtoto mwenye adabu ni yule anayesubiri kuulizwa. Mkubwa akiongea, yeye anaangalia chini. Mtoto wa namna hiyo hasifiwi bure, kwani nyumba ina utulivu. Lakini ndani ya ukumbi wa mihadhara uliofurika wanafunzi, mhadhiri anauliza, “Kuna swali?”, anasikia kimya, anaamini wote wameelewa, anaendelea mbele. Kimya alichokiona mama kuwa heshima, mhadhiri amekisoma kuwa jibu.

Sababu ya pili ni lugha. Kijana alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia sekondari akakutana na Kiingereza, na chuoni mihadhara ni kwa Kiingereza. Swali analo kichwani, ila anahofia kuchekwa akikosea sentensi. Hajui kwamba ofisini wahadhiri wengi humsikiliza mwanafunzi kwa Kiswahili bila taabu yoyote.

Sababu ya tatu ni aibu. Anakaa karibu na mwenzake aliyekulia na kompyuta nyumbani, ambaye vidole vyake vinakimbia juu ya kibodi. Yeye huenda ameigusa mara chache katika maisha yake yote. Anajiambia: nikiuliza watajua kwamba sijui. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini methali hiyo inahitaji kufundishwa kwa vitendo.

Gharama ya kimya hicho hulipwa na familia. Katika vyuo vingi nchini, majaribio na kazi za muhula hubeba alama 40, mtihani wa mwisho 60. Aliyepoteza alama za muhula kwa mazoezi asiyoyaelewa anaingia kwenye mtihani akiwa tayari nyuma. Hapo ndipo wanafunzi huanza kuzungumzia “sapu”, yaani kurudia mtihani, na wakizidiwa, “kudisko”, yaani kuondolewa chuoni. Fedha za magunia ya alizeti au vitunguu zilizolipia ada hazirudi. Na mkopo wa Bodi ya Mikopo unabaki kuwa deni hata kwa yule ambaye masomo yake yamekatishwa njiani.

Jambo la kufurahisha ni kwamba msaada upo karibu kuliko vijana wanavyodhani. Si lazima kuanzia kwa profesa. Vyuo vina wakufunzi wasaidizi, ambao wengi wao ni vijana waliofaulu vizuri wakabakizwa kusaidia kufundisha. Hao huendesha semina na mazoezi, na bado wanakumbuka walikwama wapi wenyewe. Maabara za kompyuta zina wataalamu wake. Kila darasa lina kiongozi anayeweza kumfikishia mhadhiri kwamba watu wengi wamekwama mahali fulani, bila kumtaja mtu. Wahadhiri nao huwa na saa walizotenga kuonana na wanafunzi, na mara nyingi ratiba hiyo hutangazwa mwanzoni mwa somo au hubandikwa mlangoni. Saa hizo ni sehemu ya kazi yao. Anayegonga mlango wakati huo hamsumbui mtu.

Ila kuna namna ya kugonga. Kusema “Dokta, sijaelewa chochote” humfunga mikono hata mwalimu mwenye moyo. Kijana atume ujumbe mfupi wenye salamu, jina lake, namba ya usajili na somo, kisha aseme jambo moja: “Nimekwama swali la tatu la zoezi la wiki iliyopita. Nilitarajia programu ihesabu hadi kumi, inaishia tisa. Nimejaribu kubadili mstari wa tano, haikusaidia. Naomba dakika kumi za muda wako.” Aende na kazi yake mkononi, na akitoka ofisini aandike alichoelekezwa kabla hakijapotea. Mwalimu anayepata swali la namna hiyo humkumbuka mwanafunzi, na baadaye ndiye anayeombwa barua ya kumtambulisha kazini.

Wazazi wa mabinti wana hofu nyingine, na ni hofu ya haki. Binti aambiwe wazi: mambo ya masomo yanazungumzwa ofisini, darasani au maabara, saa za kazi, na anaweza kwenda na mwenzake. Mwalimu anayetaka wakutane nyumba ya wageni kwa ajili ya alama hatoi msaada. Hiyo ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaitambua kuwa kosa. Aripoti kwenye dawati la jinsia la chuo au TAKUKURU kwa simu 113, ambayo haina malipo. Na nyumbani ajue ataaminiwa, maana binti anayehofia kulaumiwa hatasema.

Je, mzazi ambaye hajawahi kushika kompyuta anaweza kusaidia somo lenyewe? Anaweza. Waandishi wa programu duniani wana desturi inayochekesha: mtu akikwama, huweka bata wa mpira mezani na kumweleza tatizo lake mstari kwa mstari. Andrew Hunt na David Thomas waliitaja desturi hiyo katika kitabu chao cha 1999, The Pragmatic Programmer. Bata hajui lolote, lakini anayeeleza, akifika mstari wa sita, hujisikia mwenyewe akisema jambo lisilo sawa. Kosa linajitokeza.

Basi mama aliyeko Ikungi anaweza kuwa msikilizaji bora kuliko bata. Jioni simu ikiita, baada ya “shikamoo” na “marahaba”, na baada ya habari za mvua na kuku, asiishie kwenye “Unasoma vizuri?” Swali hilo lina jibu moja tu, nalo ni “Ndiyo, mama.” Aulize hivi: “Wiki hii umekwama wapi? Hebu nieleze kwa Kiswahili, polepole, mimi sijui.” Kijana akianza kueleza, atalazimika kupanga mawazo yake. Akishindwa kueleza, wote wawili watajua kwamba pana shimo hapo.

Kisha mama aulize swali la pili: “Na umemwuliza mwalimu gani?” Kama jibu ni “bado”, amwambie kwamba nyumbani hakuna atakayemwona amekosa adabu. Pengine kijana ananyamaza kwa sababu anadhani bado anatii ule usia wa stendi. Aliyeutoa ndiye mwenye uwezo wa kuurekebisha: “Walimu uwaheshimu, mwanangu. Na ukikwama, kawaulize.”