Starehe ya Mmoja Isiwe Karaha ya Wengine

Wahenga walinena kwamba wapiganapo ndovu wawili, ziumiazo ni nyasi. Aghalabu methali hii huhusishwa na siasa, lakini inaafiki vilevile magomvi yanayozuka kuhusu hifadhi za wanyama na misitu ya umma. Mmoja huenda huko kutafuta kimya. Mwingine huenda kutafuta mbio za mashine. Wote wawili ni walipa kodi, na kila mmoja anadai haki yake. Je, starehe mbili zinazogongana zaweza kukaa mahali pamoja pasipo mahali penyewe kuangamia? Kisa cha Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone nchini Marekani kina mengi ya kutufunza.

Yellowstone, iliyoanzishwa mwaka wa 1872, ina ukubwa wa takriban kilomita 9,000 za mraba. Majira ya baridi hufunikwa na theluji nzito, hata magari ya kawaida hayawezi kupita katika sehemu kubwa ya barabara zake. Mwaka wa 1963 pikipiki za theluji ziliruhusiwa kuingia. Chombo hiki hakina magurudumu: mbele kina vibao vya kutelezea, na nyuma kina mkanda mpana unaozungushwa na injini. Kilienea miongoni mwa watu baada ya fundi mmoja wa Quebec nchini Kanada, Joseph-Armand Bombardier, kuanza kuuza aina ndogo na nyepesi mwaka wa 1959.

Haitakuwa haki kukilaani chombo chenyewe. Wafugaji wa Kisami, kaskazini mwa Ulaya, hukitumia kuchunga mifugo yao tangu miaka ya 1960, na kwao ni chombo cha kazi kama jembe lilivyo kwa mkulima. Nchini Norwei, sheria ya 1977 inakataza kwa jumla vyombo vya injini nyikani, lakini inawaruhusu wafugaji hao katika shughuli zao. Sheria hiyo inatenganisha haja na anasa.

Yellowstone ilichelewa kuweka mpaka huo. Katika miaka ya 1990 zilikuwapo siku ambapo pikipiki zilizoingia zilizidi 1,000. Nyingi zilikuwa na injini ambazo oili huchanganywa na petroli, na sehemu ya mafuta hayo hutoka bila kuungua. Moshi ulitanda katika lango la magharibi hata ikabidi hewa safi ipulizwe ndani ya vibanda vya askari wa hifadhi, na mwaka wa 2002 wakapewa barakoa za kuchuja hewa. Nao wanyama, ambao msimu huo huishi kwa kutegemea mafuta waliyoyahifadhi mwilini tangu kiangazi, kila wanapokurupushwa hupoteza nguvu wasizoweza kuzirudisha mpaka majani yachipuke. Na mgeni aliyefuata chemchemi za maji moto alikaribishwa na ngurumo za injini.

Mwanzoni mwa 2001 serikali ya Rais Bill Clinton, iliyokuwa ikiondoka madarakani, ilitoa amri ya kuziondoa pikipiki hizo hatua kwa hatua. Serikali ya George W. Bush ikaigeuza. Desemba 2003 jaji mmoja wa Washington akairejesha. Februari 2004 jaji wa Wyoming akaisitisha. Upande mmoja ulilia uhuru na riziki ya miji inayotegemea watalii. Upande wa pili ulilia hewa na utulivu. Wakati wote huo, nyasi ziliendelea kuumia.

Kanuni za 2013 ndizo zilizoleta suluhu. Makundi ya vyombo vya theluji yanayoingia hayazidi 110 kwa siku, na kati ya hayo yasiyozidi 50 ni ya pikipiki. Yaliyosalia ni mabasi ya theluji. Kundi la pikipiki huwa na kiongozi, na asiye wa kulipwa sharti awe amehitimu mafunzo. Mashine lazima zitimize viwango vya moshi na kelele. Zaidi ya hayo, hakuna kuiacha barabara.

Tunayoyapata hapa ni haya. Watembea kwa miguu mia moja hawawezi kumnyima mwenye mashine starehe yake. Mwenye mashine mmoja aweza kuwanyima hao mia moja yao. Kwa kuwa nguvu zao hazilingani, wajibu wao hauwezi kulingana. Mzigo wa kujizuia unamwangukia mwenye kelele. Huku si kumwonea, bali ndiko kumwezesha kukubalika.

Kuhusu hili, hata maneno yana uzito. Sheria ya Nyika ya Marekani ya 1964, iliyoandikwa na Howard Zahniser, ilitumia neno adimu ambalo wengi hulisoma wakidhani lina maana ya ardhi isiyokanyagwa. Maana yake hasa ni ardhi isiyotiwa pingu. Sheria hiyo haikatazi mguu wa binadamu. Inakataza ubwana wake. Sisi nasi tukitaka kumtusi mtu humwita wa porini. Mtoto aliyekulia katika matusi hayo atajifunza wapi kuliheshimu pori?

Kenya haina pikipiki za theluji, lakini ina ndugu zake. Katika Maasai Mara, magari yanatakiwa yasizidi matano karibu na mnyama mmoja. Hata hivyo, duma huzingirwa na magari mengi zaidi, mengine yakiacha njia na kukanyaga nyasi. Tunao pia mfano mwema. Mashindano ya magari ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka wa 1989, hufanyika nyikani mara moja tu kwa mwaka, na fedha zake zilisaidia kujenga ua wa Aberdare wa kilomita 400 hivi, uliokamilika mwaka wa 2009. Mashine ikiwekewa siku, mahali na madhumuni, haiwi adui wa nyika.

Walimu wana nafasi kubwa hapa. Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya, vilivyoanzishwa mwaka wa 1968, vimewapeleka vijana wengi katika hifadhi. Kabla basi la shule halijapita langoni, wanafunzi na waambiwe kwa nini redio huzimwa na kwa nini dereva hashawishiwi kuiacha njia. Marekani ilizozana mahakamani miaka mingi kabla ya kukubaliana juu ya jambo ambalo mwanafunzi aweza kulielewa katika kipindi kimoja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.