Aibu Peke Yake Si Toba

Katika uteuzi wa wagombea wa KANU wa mwaka 1988, wapiga kura walipanga mlolongo hadharani nyuma ya wagombea au mawakala wao. Aliyetangazwa kupata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Penginepo mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa umeushinda mrefu, mchana kweupe.

Twauliza, aliyetangaza uongo ule alipungukiwa na nini? Mashahidi alikuwa nao tele.

Wanafalsafa hutenganisha aibu na hatia. Mwenye aibu huuliza, "Wamenionaje?" Mwenye kuitambua hatia yake huuliza, "Nimemdhulumu nani, nami nitamlipaje?" Wa kwanza hutafuta mahali pa kujificha, wa pili humtafuta aliyemkosea.

Hata hivyo tusiibeze aibu. Aristotle alifundisha kwamba haya si fadhila kamili, ila yawafaa vijana kwa kuwa huwazuia wasipotoke. Lugha yetu nayo yaijua siri hiyo. Haya hutangulia tendo, fedheha hulifuata. Fedheha mtu aweza kutwikwa na umati. Haya hulelewa moyoni hata ikawa tabia. Mtangazaji yule aliizoea fedheha kwa sababu haya ilikwisha kumtoka.

Na sisi je? Viongozi wa makanisa walioungana katika NCCK waliupinga mlolongo tangu mwaka 1986. Wengi wetu, mawakili na waumini, tuliona, tukarudi nyumbani kimya. Mwaka 1946 Karl Jaspers, akiwaandikia Wajerumani wenzake baada ya vita, alitofautisha hatia ya jinai, ambayo huhukumiwa mahakamani, na hatia ya kimaadili, ambayo huhukumiwa na dhamiri. Hakuna hakimu atakayetuita kwa kunyamaza kwetu. Deni hata hivyo ni letu.

Mlolongo uliondolewa, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Kura ya siri humkinga mpiga kura na jicho la mkubwa, lakini haimpi mhesabu kura dhamiri.

Basi waliotangaza uongo na waungame mbele ya waliowadhulumu, wangali hai. Nasi tuliokaa kimya tukiri kimya chetu mbele ya watoto wetu, ili wajifunze haya kabla hawajakabidhiwa masanduku ya kura. Mficha uchi hazai.