Homa ya Mapafu ya Ng'ombe: Ruzuku Imepunguza Bei, Chupa ya Dawa Bado ni Kikwazo

Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, Juni 2025, inawakinga ng'ombe dhidi ya homa ya mapafu, huku Serikali ikibeba nusu ya gharama ya chanjo. Hatua hiyo imempunguzia mfugaji mzigo wa bei. Mafanikio yake, hata hivyo, yatategemea pia sindano ambazo mfugaji humchoma ng'ombe wake mwenyewe.

Ugonjwa huu husababishwa na mikoplasma, kimelea kisicho na ukuta wa seli. Kwa sababu hiyo penisilini, ambayo hushambulia ukuta huo, haina kazi. Oksitetrasaiklini na tailosini zaweza kutuliza homa na kikohozi, na mfugaji akaamini kuwa mnyama amepona. Lakini ndani ya pafu huweza kubaki kipande cha nyama iliyokufa, kimezingirwa na utando mgumu, chenye vimelea hai kwa miezi kadhaa. Ng'ombe huyo hula, hunenepa na kupelekwa mnadani. Mnunuzi hana namna ya kumtambua kwa macho, na hata ng'ombe aliyeambukizwa karibuni huweza kukaa wiki kadhaa, pengine miezi, bila dalili yoyote.

Tanzania iliwahi kuutokomeza ugonjwa huu mwaka 1964. Ukarejea mwaka 1990 kupitia mpaka wa kaskazini, kisha ukasambaa pamoja na mifugo inayohamishwa kutafuta malisho na soko.

Chanjo ya T1/44 ina asili hapa nchini: ilitokana na kimelea kilichopatikana Tanganyika mwaka 1951 na kupunguzwa makali ndani ya mayai ya kuku. Ni chanjo hai. Ng'ombe akichomwa oksitetrasaiklini siku zinazokaribiana na chanjo, dawa huua vimelea vya chanjo kabla mwili haujajenga kinga, na fedha ya mfugaji pamoja na ruzuku ya Serikali hupotea.

Kishawishi cha kuchoma dawa kipo. Baadhi ya ng'ombe huvimba sehemu iliyochanjwa, wiki mbili hadi nne baadaye. Hofu ya mwenye mifugo si ya kupuuzwa, kwani uvimbe ukikithiri huhitaji tiba na huweza kuua. Uamuzi wa kutibu ni wa daktari wa mifugo, naye humwandika mnyama huyo ili achanjwe upya. Jambo hili lilistahili kutangazwa kwa sauti ileile inayotangaza bei. Kinga yenyewe hudumu takriban mwaka mmoja, hivyo uchanjaji hauna budi kurudiwa kila mwaka.

Kwa mbuzi na kondoo, kampeni inakinga sotoka, ugonjwa wa virusi ambao nao huleta kikohozi na nimonia. Haikingi homa ya mapafu ya mbuzi, inayoletwa na mikoplasma nyingine, yenye chanjo yake na inayotibika vyema ikiwahiwa. Mbuzi aliyechanjwa sotoka na bado anakohoa apelekewe ofisa mifugo, na mwenye mbuzi amweleze ofisa huyo dawa iliyokwisha kutumika na siku iliyotumika.