Jina la Kichekesho ni Mali ya Nani?

Wapenzi wa Orijino Komedi hupenda kusimuliana mambo ya nyuma ya pazia: kwamba Masanja ni Emmanuel Mgaya, na kwamba Joti, anayegeuka bibi au mtoto apendavyo, ni Lucas Mhuvile. Lililo zito zaidi ni la jina. Kundi lilipohama EATV kwenda TBC1, vipaji vilihama nalo. "Ze Comedy", jina lililowapa umaarufu, likazua mvutano. Ndipo wakajiita Orijino.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 humlinda msanii kwa kazi aliyoibuni, hata asipoisajili. Jina la kipindi ni jambo jingine: kinga yake madhubuti ni Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986, na husajiliwa BRELA.

Mchomelea mageti wa Gerezani hupatana na mteja kabla ya kuwasha mashine. Wachekeshaji wetu wengi chipukizi huingia studio bila mapatano yoyote. Sheria tunazo, ofisi tunazo. Kilichobaki ni afisa utamaduni kuwafikia vijana hawa kabla mwenye kituo hajawafikia.