Mwongozo Si Riwaya

Niseme tu wazi: miongozo ya vitabu teule inawafunza wanafunzi wetu kutofikiri. Riwaya ya Nguu za Jadi ya Clara Momanyi inatahiniwa katika KCSE, na ubavuni mwake kuna vijitabu vyenye maudhui, wahusika na sifa zao, vyote vimetafunwa tayari. Kilichobaki ni kumeza. Eti fulani ni katili, mnafiki, mwenye tamaa. Kwani mwanafunzi mwenyewe alimwonaje?

Najua walimu watanijia juu: Karatasi ya Tatu ina alama 80, na muda hautoshi. Sawa. Lakini swali la dondoo halimhurumii aliyekariri. Anapewa maneno machache aeleze nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa nini. Aliyesoma riwaya ataitambua sauti ya msemaji. Mwenye orodha kichwani atabahatisha.

Jaribuni hivi, walimu wangu. Wasome sura moja, penseli mkononi. Wafunge kitabu, kila mmoja aandike anachokumbuka pamoja na swali moja linalomkera, kisha afungue ajisahihishe. Kule kuhangaika kukumbuka ndiko kunakokaza kumbukumbu, si kupigia mstari hoja za mtu mwingine. Halafu waacheni wabishane! Mmoja akidai kwamba shujaa wenu ni mwoga tu, msimkatize. Mwulizeni: umeona ukurasa gani?

Na mwongozo? Uletwe baada ya ubishi huo, darasa liusahihishe kwa kalamu nyekundu.