Uchina na Mkaguzi Asiyeonekana

Panapotajwa udhibiti wa intaneti nchini Uchina, aghalabu fikira za wengi huelekea kwenye mitambo ya serikali inayozuia tovuti za kigeni. Hapana shaka mitambo hiyo ipo. Facebook na Twitter, ambayo siku hizi huitwa X, zilifungwa mwaka 2009, na mwaka uliofuata Google ikaondoa huduma yake ya utafutaji katika Uchina bara. Hata hivyo, kwa maoni yetu, mitambo hiyo ndiyo sehemu hafifu ya udhibiti wenyewe. Sehemu iliyo kali ni mkaguzi akaaye kichwani mwa mwandishi, ambaye hadai mshahara wala halali.

Chukua kisa cha Li Wenliang, daktari wa macho mjini Wuhan. Mnamo tarehe 30 Desemba 2019 aliwaarifu madaktari aliosoma nao, katika kikundi chao cha WeChat, kwamba wagonjwa 7 kutoka soko moja walikuwa na maradhi yaliyofanana na SARS. Aliwasihi wawatahadharishe jamaa zao, lakini papo hapo akawaomba wasiueneze ujumbe huo nje ya kikundi. Hebu msomaji azingatie ombi hilo. Hakuna askari aliyekuwa amebisha hodi. Mtu aliye na habari ya kuokoa roho anaitoa kwa mkono mmoja huku akiifunika kwa mwingine!

Ujumbe ulivuja hata hivyo. Tarehe 3 Januari 2020 polisi walimwita, wakamtaka atie saini barua iliyomlaumu kwa kusema uongo na kuvuruga utulivu wa jamii. Alifariki tarehe 7 Februari kwa maradhi yale yale. Mwezi Machi polisi wakalifuta onyo lao na kuiomba radhi familia yake.

Hofu ya namna hii haizuki hivi hivi. Sheria za Uchina hutaja makosa kama vile kuchokoza ugomvi na kuzusha fujo, pasipo kueleza kinagaubaga ugomvi huo huanzia wapi. Fauka ya hayo, kampuni zinazomiliki mitandao huwajibishwa kwa yaandikwayo na wateja wao, ndipo zikaajiri wakaguzi wao wenyewe. Maadamu hakuna ajuaye mpaka ulipo, kila mtu husimama hatua kumi nyuma yake. Msomi Mmarekani Perry Link, mwaka 2002, aliifananisha hali hiyo na joka kubwa lililojiviringa kwenye taa ya darini: halishuki wala halisemi, ila walioketi chini hupunguza sauti wenyewe.

Wapo wanaojifariji kwa werevu wa Wachina katika kufumba maneno, na walimu wa fasihi huenda wakavutiwa zaidi. Kwa kuwa kuutaja mwezi Juni tarehe 4, siku ya mauaji ya Tiananmen ya 1989, hakuruhusiwi, watu waliandika "Mei 35". Machi 2020, mahojiano ya daktari mwingine wa Wuhan, Ai Fen, yalipofutwa, wasomaji waliyachapisha upya kwa kuyaandika kinyumenyume na hata kwa alama za simu ya upepo. Wakaguzi nao hawakulala. Tarehe 4 Juni 2012 hisa za Shanghai zilishuka kwa pointi 64.89, tarakimu zinazofanana mno na siku ile, na Weibo ikazuia utafutaji wa habari za soko hilo. Soko la hisa nalo likawa limesema lisiloruhusiwa!

Kichekesho hicho kinaficha msiba. Fumbo huwafaa wale wanaojua tayari kinachofumbwa. Mzee aliyekuwa Beijing mwaka 1989 akisoma "Mei 35" moyo humpasuka. Kijana aliyezaliwa baadaye, ambaye vitabu vyake vya shule havikumweleza kisa hicho na mzazi wake alinyamaza ili kumkinga, huona tu kosa la kalenda. Mzazi huyo hakuamriwa na mtu anyamaze mezani pake. Na mwalimu aliye darasani, akiulizwa na mwanafunzi mdadisi kwa nini mwezi Mei una siku 35, sharti aamue kwa nukta chache kama atamjibu au atamwambia afungue ukurasa unaofuata.